Nilimkana binti yangu mbele ya wageni, sasa hanijibu tena

Admin, ukiiweka hii naomba jina langu lisionekane popote, maana Moshi tunajuana. Nina miaka thelathini na moja, ni fundi cherehani Kiboriloni na nimepanga mtaa wa Soweto, hapa hapa Moshi. Nimeiandika hii mara nyingi nikaifuta. Nisomeni hadi mwisho kabla hamjanitukana.

Nina binti wa miaka saba, nitamwita Aika ingawa si jina lake. Nilipomzaa uchungu ulikaa sana, akatoka bila kulia. Baadaye daktari akaniambia ana mtindio wa ubongo. Hatembei, haongei, kifafa humshika, na shingo yake ililegea kama ya kichanga mpaka alipofika miaka mitatu. Baba yake aliondoka mtoto hajafikisha hata mwaka. Hospitali walinifundisha kumnyoosha viungo, na jinsi ya kumlisha asipaliwe. Nikafanya miezi kadhaa. Alikuwa analia nikimnyoosha, na mimi nalia. Mwisho nikampeleka kijijini Masama kwa mama yangu, nikasema ni kwa muda tu nijipange. Huo muda sasa ni miaka minne.

Mama yangu aliishia darasa la nne, lakini ndiye aliyeshika yale mazoezi niliyoyaacha. Kila asubuhi akishakamua ng'ombe anamlaza Aika kwenye mkeka, anamnyoosha mikono na miguu huku akimwimbia Kichagga. Alimwendea seremala akamchongea kiti chenye mikanda. Mtaalamu wa mazoezi alimwonyesha namna ya kumfundisha kujibu: ndiyo, apandishe macho juu; hapana, ageuze uso pembeni. Na akijibu, lazima umwambie, "Nimekusikia." Ilichukua zaidi ya mwaka. Kila mlo mama anamwonyesha kikombe, anauliza, "Unataka uji?" kisha anasubiri, hata uji upoe. Akinipigia simu kuniambia Aika amejibu, nilikuwa nasema hongera mama, moyoni nasema bibi anajifariji.

Mwaka jana nikapata mchumba. Ni fundi umeme, mtu mpole, hana makuu. Mapema kabisa aliniuliza kama nina mtoto. Nikasema sina. Niliogopa akijua ataona damu yangu ina kasoro. Uongo ule ulitoka kirahisi mpaka nikajishangaa.

Mwezi uliopita alikuja Masama na shangazi yake kujitambulisha. Kabla hawajafika nilimwomba mama ampeleke Aika kwa jirani. Mama akakataa.

"Mtoto hajaiba kitu cha mtu. Atakaa kwenye kiti chake."

"Basi mama, usiseme ni wangu. Nakuomba."

"Mimi sitadanganya, na sitakusemea. Mdomo ni wako."

Wageni wakaingia, tukaamkiana, mama akapakua mtori wa ndizi. Aika aliposikia sauti yangu akaanza kucheka na kurusha mikono. Shangazi akauliza, "Na huyu mrembo ni wa nani?"

Nikawahi kujibu, "Ni wa ndugu yetu mmoja, tunamsaidia tu. Haelewi kitu, masikini."

Mchumba wangu akaenda kuchuchumaa mbele ya kile kiti, akamwambia hujambo. Mama akamwelekeza, "Muulize, baba. Macho juu ni ndiyo. Akigeuka pembeni ni hapana."

"Umeshiba?" Macho juu. Shangazi akapiga makofi. Mchumba wangu akaninyooshea kidole kwa utani, "Huyu ni dada yako?" Aika akageuza uso. "Ni shangazi yako?" Akageuza tena.

Shangazi akacheka, "Basi atakuwa mama yako!"

Aika akapandisha macho juu. Akayashikilia huko huko, mwili mzima ukitetemeka kwa kujikaza. Kisha akayashusha, akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme nimekusikia.

Nami nikacheka. Nikasema, "Si nimewaambia haelewi? Kwake kila mwanamke ni mama."

Mikono yake ikatulia. Mama akakusanya bakuli ambazo watu hawajazimaliza, akatoka nje. Mchumba wangu hakucheka.

Baada ya siku tatu mama alinipigia. "Tangu mwondoke hajampa mtu jibu. Namlisha kwa kubahatisha." Alikaa hivyo wiki nzima. Nilikuwa nashona huku machozi yanadondokea vitambaa vya watu.

Jumapili nikapanda Masama. Nikakuta ameanza tena kumjibu bibi yake. Bibi akiuliza uji, macho juu. Nikachukua kikombe mimi, nikapiga magoti, "Aika, unataka uji?" Akatazama ukuta. Bibi akachukua kikombe kile kile, akauliza vile vile. Macho juu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anajua kila kitu, na siku ile alijua ninachokifanya. Nikamwambia mbele ya mama yangu, "Mimi ndiye mama yako. Nilidanganya." Hakugeuka. Mama akasema tu, "Yeye alirudia mwaka mzima ndipo akaweza. Na wewe rudia."

Matangazo ya ndoa yetu yanaanza kusomwa kanisani Jumapili ijayo. Juzi mchumba wangu aliniambia, "Yule mtoto ana paji la uso kama lako," nikageuza mazungumzo. Nafikiri ameshajua, anangoja niseme mwenyewe. Nimekusudia kumwambia kabla ya hiyo Jumapili, na akiniacha ana haki.

Ila ndugu zangu, hasa nyie mnaolea watoto kama Aika, hilo la ndoa si ndilo linaloninyima raha. Nimeshika kikombe mbele ya mtoto niliyemzaa na hataki kunijibu. Nishaurini, nianzie wapi ili binti yangu aniamini tena?