Mhina, Mchinjaji wa Sikukuu Zote

Naandika habari za ndugu yangu Mhina bin Mwinjuma wa Misima, Handeni, kwa sababu waliomjua wanakwisha, na hawa wanaosimulia sasa wanasimulia upuuzi. Wanasema alikuwa askari wa Mjerumani. Hakuwa askari hata siku moja. Alikuwa mchinjaji. Kuandika nilifundishwa na misheni miezi minane tu, nikaacha mwenyewe, basi atakayeona herufi zimelala aziinue.

Mimi ni lumbu wake. Wazigua tunaitana hivyo, mwanamume na dada yake wa tumbo moja. Jina langu la kuzaliwa ni Swaumu, maana nilizaliwa katika mfungo wa Ramadhani, mama yangu akiwa na njaa, ndiyo maana watu husema nina hasira.

Mhina alipokuwa kijana alikwenda kazi ya reli, wakati ule reli inatoka Muheza kuja Korogwe. Wenzake walirudi na kanzu mpya. Yeye alirudi na kipande cha chuma kilichotupwa, shubiri mbili urefu wake, akampelekea mhunzi akamfulia kisu. Baba yetu, mzee Mwinjuma, alimcheka. Akamwambia umelala porini mwaka mzima ili uje na kisu? Mhina akajibu kwamba kisu hakichaniki kama kanzu.

Kuchinja alifundishwa na mwalimu wa chuo cha Kurani pale Misima. Akamshinda mwalimu wake. Mnyama humpa maji kwanza. Kisu hakinoi mbele yake, hukificha mgongoni, humwendea mnyama akisema naye Kizigua polepole kama anamsalimu, humlaza kumwelekeza kibla, akataja jina la Mungu, na imekwisha. Sijaona mnyama aliyemkimbia Mhina. Watu ndio waliomkimbia, maana alikuwa na utani mwingi.

Basi mwaka wote ulikuwa wake. Idi ya mfungo aliamka na kuku wa mtaa mzima. Idi ya kuchinja alikuwa akirudi nyumbani mikono imekufa ganzi. Maulidi alichinja mbuzi wa wapiga dufu. Mvua ikikawia, wazee wakienda makaburini kutambikia mizimu, kondoo mweusi alichinjwa na Mhina, yeye amegeukia kibla, wazee wamegeukia makaburi, migongo inatazamana. Mwalimu wa chuo alimgombeza sana kwa hilo. Mhina akamwambia, mwalimu, wazee hawa ni Waislamu na mvua ikinyesha utalima na wewe. Mimi nimewachinjia wasile mzoga. Mwezi wa kwanza ilikuwa sikukuu ya Kaizari. Bendera inapandishwa bomani, kila jumbe analeta watu wake kwa amri, ng'ombe wawili wanaangushwa. Wale askari wengi walikuwa Waislamu, hawakula nyama ya mkono wowote, basi aliitwa Mhina. Haki yake kila mahali ilikuwa shingo ya mnyama. Hakuomba zaidi.

Mwaka reli ilipofika Mombo, mimi niliolewa na Jonathan, Mshambaa, mfanyabiashara wa tumbaku, Mkristo. Nikabatizwa, nikaitwa Raheli, tukakaa Makuyuni. Baba hakunipiga wala hakunilaani. Aliacha tu kusema nami. Niliporudi kumsalimu alijibu marahaba akitazama ukuta, halafu hakuna neno tena. Nami sikubembeleza. Nimetoka kwake, na ukaidi huu ninao kutoka kwake.

Noeli yangu ya kwanza Makuyuni, jioni ya kuamkia sikukuu, namwona Mhina anaingia uani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ametembea siku mbili kutoka Misima, amevuka mto Luvu kwa mtumbwi. Reli aliyoijenga hakuipanda hata mara moja, alisema anajua ilivyofungwa. Akamwuliza mume wangu, shemeji mla ndizi, huyo mbuzi wenu atachinjwa na nani? Jonathan akamjibu kwamba wala mtama wasiojua mboga huko kwao ndio wenye visu. Wakacheka, wakakaa.

Asubuhi Mhina akamchinja mbuzi wa Noeli. Tulikula wote, Wakristo na jirani zetu Waislamu, maana mkono ulikuwa ule ule wa Idi. Kisha akaukata mguu mmoja wa nyuma, akaukausha kwa moshi, akaufunga kwa majani ya mgomba.

"Huu wa baba," akaniambia.

Nikamwambia baba hataula.

"Mimi nimechinja. Atakataaje?"

Na kweli hakukataa. Mhina aliponijia tena aliniletea neno: baba amesema mbuzi wa mwaka huu alikuwa mnono. Hilo tu. Lakini lilikuwa neno la baba yangu, nami nililichukua. Ikawa hivyo miaka kumi. Mhina huja na kisu, hurudi na mguu, na neno hunifikia kwamba mbuzi alikuwa mnono. Mwaka mmoja alikuwa amekonda kabisa, ukame, mbavu unazihesabu, na baba akasema ni mnono. Tulicheka mimi na Mhina mpaka Jonathan akauliza kuna nini.

Sasa nasema la mwaka wa pili wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, na sitajitetea.

Kanisa letu dogo lilikuwa limepata mwalimu mpya kutoka milimani, Habakuki. Kijana safi, sauti nzuri ya nyimbo. Hakupenda habari ya Mhina. Alisema sikukuu ya kuzaliwa Bwana haifai kungoja kisu cha Mwislamu. Nilimwacha aseme. Lakini Jumapili moja, mbele ya wanawake wenzangu, akaniambia, mama Raheli, maji ya ubatizo hayajakukauka, wewe bado ni Swaumu. Wanawake wakainamisha vichwa kuficha meno. Hilo liliniingia. Mimi ni mtu wa kuchekwa na nani?

Jioni ya kuamkia Noeli Mhina hakutokea. Jonathan akasema tungoje, mvua imenyesha huko chini, mto utakuwa umejaa, atafika kesho. Nikasema hatungoji. Alfajiri, kabla ya sala, nilimtoa mbuzi mwenyewe, nikamshika kamba mwenyewe, nikamwambia mwalimu Habakuki achinje. Hakuna aliyenilazimisha. Naandika hivyo ili mtu asije akamtupia Habakuki mzigo wangu.

Mhina alifika jua halijafika utosini. Nguo zimemganda mwilini, tope mpaka magotini. Alikuwa amelala ng'ambo ya mto siku nzima akingoja maji yapungue, na daraja la reli lilikuwa na askari, hawaruhusu mtu kupita. Aliona ngozi imewambwa ukutani. Akaitazama pale shingoni ilipokatwa.

"Nani amechinja?"

"Mwalimu."

"Hamkuningoja, lumbu."

"Umechelewa."

"Mto ulijaa."

"Mto hujaa kila mwaka," nikamwambia.

Alicheka kidogo, si cheko lake. Akaomba maji. Watu walikuwa wamekaa wanakula, harufu ya mchuzi imejaa ua wote, naye yuko njiani siku ya tatu. Jonathan akanivuta kando. Akaniambia kuna yule kuku mwekundu, kamata, mpe shemeji achinje mwenyewe, ale, na mambo yaishe. Ndilo lililokuwa linatakiwa tu. Kuku mmoja.

Nami niliona wanawake wa kanisani wananitazama. Nikasema kwa sauti, asikie kila mtu, kwamba nyama ipo jungu zima, nikamate kuku wa nini? Anayetaka kula ale.

Mhina alikula muhogo wa kuchemsha na chumvi. Waislamu jirani zetu hawakuja mwaka ule, walikwisha kusikia. Alipomaliza, akaomba visu vyangu vya jikoni. Akatoa jiwe lake akavinoa vyote, kimoja kimoja, mpaka kile kibovu cha kumenyea ndizi. Sikuelewa. Sasa nadhani hakutaka awe ametembea njia yote ile bure. Asubuhi akaaga. Hakuna mguu wa baba safari ile, nami sikusema lolote juu ya mguu, naye hakuniuliza.

Jonathan alinisihi niende Misima kwa Maulidi, mwezi uliofuata. Nilikataa. Nilisema Mhina atume neno kwanza, yeye ndiye aliyeondoka na uso wa kununa. Uongo. Hakununa. Sikukuu ya Maulidi ikapita nimekaa Makuyuni namenya ndizi kwa kisu kikali.

Kile kisu ndicho kilichonishinda. Kila nikikishika namwona. Ilipopita sikukuu ya Kaizari nikachagua mbuzi, beberu mweupe mwenye doa moja sikioni, mbuzi mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Jonathan mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, ndio uliomwokoa na kubebeshwa mizigo ya vita, hakuweza safari. Nikafuatana na wachuuzi wa tumbaku wanaoshuka Handeni, nikimvuta mbuzi kwa kamba. Shauri langu lilikuwa hivi: nitamkabidhi Mhina mbuzi mzima, achinje mbele ya baba, tule sote, na mguu nitampa baba kwa mkono wangu. Kuomba radhi sikujua namna yake. Mbuzi angesema.

Nilipofika Misima, mkewe Mhina, Mashavu, alikuwa anatwanga. Aliponiona aliuacha mchi ndani ya kinu. Nikamwuliza Mhina yuko wapi. Akakaa chini.

Aliniambia kwamba siku nne nyuma Mhina aliitwa kama kila mwaka kwenda kuchinja ng'ombe wa Kaizari. Alikwenda na kisu chake, akachinja. Nyama ilipokwisha kugawiwa, akida akasema kikosi kinaondoka, na askari lazima wale njiani, na mchinjaji wao ni huyu. Hakupewa hata nafasi ya kuja kuchukua shuka. Walimtwika na mzigo kichwani.

Nilimwuliza kama alisema neno juu yangu alipotoka Makuyuni. Mashavu akatazama kwanza mlango wa baba, kisha akaniambia kwa sauti ya chini. Alipotoka kwangu Mhina alipita Korogwe, akakuta watu wana arusi. Akawachinjia. Wakampa shingo, haki yake. Akawaomba wamwondolee shingo, wampe mguu wa nyuma. Akaukausha kwa moshi njiani, akaufunga kwa majani ya mgomba, akamletea baba. Akamwambia, huu wa Swaumu.

"Baba hajui," Mashavu akasema. "Ni mimi na yeye tu."

Wakati ule ule baba akaita kutoka ndani, akauliza nani anasema uani. Nikaingia. Alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia. Nikamwambia shikamoo baba. Akaitikia. Nikangoja atazame ukuta. Hakuutazama. Akanyoosha mkono, akanishika kiganja, na kwa miaka kumi na moja ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikisema nami.

"Swaumu," akasema, "mbuzi wa mwaka huu alikuwa mnono kuliko wote."

Nilisema, "Ndiyo, baba."

Hilo ndilo neno nililolificha mpaka leo, na sasa nimeliandika.

Akauliza mbuzi anayelia nje ni wa nani. Nikasema nimemletea Mhina amchinje. Palikuwa na watu wa kuchinja Misima, si mmoja. Mashavu alisema aitwe mtu. Baba akakataa. Akasema, mfungeni pale, Mhina atamchinja mwenyewe akirudi. Nikamfunga kwenye mti wa ua, nikarudi Makuyuni.

Mbuzi yule alikaa miezi mitano. Mashavu alikuwa akimkatia majani. Mwezi wa sita majeshi yakapita Handeni, ya huyu yanarudi nyuma, ya yule yanakuja mbele, na yote yana njaa. Mtu alikata kamba. Sijui alikuwa wa jeshi lipi, wala sijui mbuzi wangu alichinjwa kwa jina la nani. Baba akafa katika mfungo wa Ramadhani uliofuata. Mashavu anasema kila jioni ya kufuturu aliuliza kama mbuzi bado yupo, na kila jioni walimjibu yupo.

Vita vilipokwisha alirudi mpagazi mmoja wa Chanika, Sadala, mifupa mitupu. Alisema alimwacha Mhina karibu na Rufiji, anahara damu, hana nguvu ya kusimama, kisu kimefungwa kiunoni. Hakujua zaidi. Kaburi hatulijui.

Jonathan amekufa, Habakuki alihamishwa zamani. Mimi bado nipo Makuyuni. Kila Noeli mbuzi wangu huchinjwa na Mwislamu, na mwalimu yeyote asiyependa namwonyesha njia ya kwao. Lakini kabla ya mbuzi, asubuhi, nakamata kwanza kuku mwekundu, namfunga mguu penye mlango. Huyo hachinjwi. Anakaa mpaka jua linazama, watu wamekula, wameondoka, halafu namfungua. Wajukuu wananicheka, watu wa kanisa wananicheka. Wacheke. Mto ukijaa mtu huchelewa.