Nukta Nne za Uso

Pale kwenye karakana ya mawe ya makaburi, alikochora nyuso kwenye kompyuta ili mashine izichonge, walimwita Nukta Nne, na jina lenyewe lilimpendeza. Duara, alikuwa akisema, halihitaji zaidi ya nukta nne: juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa. Kila nukta ina mikono miwili ya kupindia mstari. Ukiivuta kwa akili, mstari unapinda wenyewe, laini kama umepakwa mafuta. Wavivu huiachia kompyuta ifuate picha inavyotaka, na uso wa marehemu wa watu unajaa nukta kama vipele. Halafu wanashangaa jiwe likitoka na meno meno.

"Mashine ya kuchonga husita kila ikifika penye nukta," aliwaeleza wateja, watake wasitake. "Nukta chache, kazi safi, tena chapchap."

Mama yake, aliyekuwa mshonaji kabla macho hayajachoka, alimwambia kila asubuhi kwamba haraka haraka haina baraka. Binti akamjibu kuwa mashine haijui methali. Mama alimwonya pia asimwage maneno mbele ya watu asiowajua, maana mdomo huponza kichwa. Hilo binti alilipuuza. Alikuwa mwanamke wa moyo mzuri lakini mpenda sifa, na mpenda sifa akipata msikilizaji amekwisha.

Msikilizaji wake alikuja na shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Amefiwa na mkewe, alisema. Picha aliyokuwa nayo kwenye simu ilimwonyesha mwanamke amelala, amefumba macho, kichwa kwenye mto wa maua ya njano.

"Nimfumbue macho, kaka?"

"Yaache hivyohivyo."

"Na tarehe ya kufariki?"

"Acha nafasi. Tutaijaza."

Nukta Nne alimwonea huruma. Msiba kila mtu anaubeba kwa namna yake, na wapo wasiotaka hata kuiona hiyo tarehe. Mteja akavuta kigoda, akakaa karibu na skrini, akauliza maswali mazuri ambayo hakuna aliyewahi kuuliza. Unaanzia wapi? Unajuaje pa kuweka nukta?

"Naanza na ncha za uso," alisema, na furaha ikamtoka waziwazi. "Paji, sikio, kidevu, sikio. Ukishazishika hizo nne, mtu wako umempata. Kilichobaki ni kuvuta mistari tu."

"Paji, sikio, kidevu, sikio," mteja alirudia polepole, kama anayekariri.

Kwenye kidevu picha ilikuwa na mbonyeo mdogo. Nukta Nne aliuona, akadhani ni ukungu wa kamera ya simu, akaufuta bila kufikiri mara mbili. Ndivyo alivyozoea: kinachovuruga mstari kinaondoka. Uso wote ukabaki na nukta ishirini, na mwenyewe akaupenda.

Wiki iliyofuata mteja alirudi kushuhudia jiwe likichongwa. Akauangalia uso kwenye skrini, kisha akagusa kioo kwa kidole.

"Alama ya kidevuni iko wapi?"

"Nilidhani ni uchafu wa picha, kaka."

"Irudishe. Bila hiyo si yeye." Hakupandisha sauti. "Naenda hapo jirani kununua skrubu."

Nukta Nne alikuwa bado ameumia kwa kusahihishwa pale mlango ulipofunguliwa tena. Aliingia mwanamke, akaomba kuelekezwa maliwatoni.

"Nimekuja na mume wangu," alisema. "Amefuata kibao cha duka, sijui bado kinachongwa?"

Nukta Nne alikuwa anatazama kidevu chake. Kovu lilikaa palepale alipofuta mbonyeo, upande wa kushoto kidogo, umbo lilelile. Angeweza kunyamaza, Mungu shahidi. Wangapi wananyamaza na jioni wanakula wakashiba? Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuigeuza skrini.

"Mdogo wangu, njoo uone."

Mwanamke alisogea. Aliusoma ule uso laini, ile nafasi tupu chini yake, asielewe. Nukta Nne akabofya mara moja, na picha iliyokuwa imefichwa chini ya mistari ikajitokeza, na mto wake wa maua.

"Huo mto nimeununua juzijuzi," alisema mwanamke. Kisha akashika kidevu. "Na hili kovu nimepewa na yeye. Amekwambia mimi ni nani?"

"Marehemu mke wake."

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wote wawili waliijua methali hiyo, na hakuna aliyeitamka. Kupitia dirishani walimwona mteja amesimama kwenye mlango wa duka jirani, mfuko wa skrubu mkononi, akilitazama gari lake.

"Unajua kuendesha?"

"Najua. Ufunguo upo ndani. Lakini akisikia injini tu..."

"Rudi garini, kaa kama ulivyokuwa. Ukisikia mashine inanguruma, washa uende kwa ndugu zako. Usipitie nyumbani hata kuchukua kanga."

Mwanamke alitoka. Mteja akamtazama akiingia garini, kisha akavuka uwanja, akaingia karakana na kukaa kwenye kigoda chake kilekile.

Nukta ishirini zingeisha kabla ya chai kupoa. Basi Nukta Nne akafanya jambo ambalo angemfukuzia mtu kazi. Aliurudisha mbonyeo wa kidevu, halafu akaiamuru kompyuta iongeze nukta kwenye mistari yote, akaiamuru tena, na tena, hadi hesabu ikapita elfu. Kwa macho uso haukubadilika hata chembe. Aliiwasha mashine.

Ilinguruma, ikagusa jiwe, ikasita. Ikaenda, ikasita. Vumbi jeupe lilitoka kidogo kidogo. Nje, kama kulikuwa na sauti ya injini, Nukta Nne hakuisikia, na alimshukuru Mungu kwa kutoisikia. Mashine ilichukua muda mrefu kumaliza paji. Mteja alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Dada," alisema. "Ulinieleza mashine husita penye nukta."

"Ndiyo, kaka."

"Leo mbona inasita sana?"

"Nimeirudisha ile alama."

"Alama moja?"

Aliinuka, akaenda dirishani. Mahali pa gari palikuwa na doa la mafuta tu. Nukta Nne alingoja kelele, matusi, kiti kurushwa; hivyo angevielewa. Mteja alirudi taratibu, akasukuma mlango ukafungika, akakaa. Mashine iliendelea, imefika kwenye sikio.

Kisha akamtazama usoni, bila haraka, macho yake yakienda na kutua kwa zamu. Kwenye paji. Kwenye sikio. Kwenye kidevu. Kwenye sikio la pili.