Ridhaa Niliyoitoa Mimi

Kazi yangu ya mwisho, ambayo niliifanya muda mrefu kuliko zote, ilikuwa kuomba watu damu. Sikuwa daktari. Nilimaliza kidato cha nne katika miaka iliyofuata Mapinduzi, nikaajiriwa kwenye ghala la karafuu kupima magunia, na karafuu ilipoporomoka bei nikahamia ofisi ya utafiti iliyofunguliwa Madungu, mjini Chake Chake. Chuo kikuu kimoja cha nje kilikuwa kimepata fedha za kuchunguza minyoo na upungufu wa damu kwa watoto wa Pemba. Walitaka mtu anayekijua kisiwa, anayeweza kuandika ripoti na kupiga hodi kwenye nyumba za watu bila kufukuzwa. Nikapewa cheo cha msimamizi wa kazi za nje.

Mkuu wetu alikuwa mama wa kizungu, mtu mzima, aliyesema Kiswahili cha vitabuni. Sisi tulimwita Bi Daktari. Jambo alilolirudia kuliko jingine lolote lilikuwa ridhaa. Kabla mtoto hajaguswa, mzazi asomewe karatasi yote, aulizwe kama ameelewa, aambiwe kuwa ana haki ya kukataa na hakuna atakayemkasirikia. Ndipo atie sahihi au dole gumba. Huko Unguja kulikuwa na kamati ya maadili iliyotupa kibali, na wafadhili walitoa fedha kwa sharti kwamba kamati ile iwe radhi nasi. Kamati ikikuta mtoto mmoja ametolewa damu bila ya mzazi kuridhia, kazi husimama na fedha huzuiwa. Niliyajua haya kama ninavyoijua Alhamdu.

Na kukataliwa nilikujua pia. Siku moja katika kijiji cha Wingwi tulifika kwa bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu. Alitutazama, akalitazama sanduku letu la barafu.

"Nyie ndio mumiani wenyewe?"

"La, bibi, sisi watu wa utafiti."

"Mumiani naye angesema hivyohivyo."

Majirani walicheka. Nikamsomea karatasi kutoka juu mpaka chini. Alisikiliza vizuri, akauliza, "Na nikikataa?"

"Hakuna neno, bibi."

"Haya, nimekataa. Karibuni uji."

Tulikunywa uji wake, tukaondoka bila ya tone la damu, na hatukuwa na kinyongo. Namtaja bibi huyu ili msomaji asidhani kwamba sikujua kazi yangu. Niliijua.

Nyumba ya wazee wetu iko Ole. Baada ya baba na mama kufariki tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye alikaa pale na mumewe, wakilima muhogo na kuangalia mikarafuu michache ya urithi. Kila Ijumaa baada ya sala nilipanda baiskeli kutoka Chake hadi Ole, nikala kwake. Alinipikia muhogo wa nazi na papa, na kama nimechelewa alinifunikia sahani, akaniambia, "Kaka, ofisi imekuoa." Mke wangu hakupenda safari zile, lakini zilikuwa ndiyo furaha yangu ya wiki.

Mumewe aliugua, akalazwa, akakaa hospitali muda mrefu. Madaktari walikuwa wakimtoa damu ya kupima mara kwa mara, na hakupona. Tulimzika Ole. Mdogo wangu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, katika chumba cha ndani, bila ya kutoka na bila ya kuonwa na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Mimi, kaka yake, niliruhusiwa kuingia. Siku zile za mwanzo nilikaa naye juu ya mkeka, na akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mkono wake ulikuwa umekuwa mweusi kwa sindano. Mwanangu mie hatiwi sindano na mtu yeyote. Wewe unanisikia?"

Nikamwambia namsikia.

Haukupita muda, Ole ikaingia katika zamu ya vijiji vyetu. Mwenzetu wa kike, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na wanawake waliokaa ndani, alikuwa nyumbani kwa uzazi. Orodha ya Ole ilikuwa haijajaa na ripoti ilikuwa ikisubiriwa na wafadhili. Nyumba ya mdogo wangu ilikuwa imo katika nyumba zilizochaguliwa. Kwa kuwa ni ya ndugu yangu, nilipewa nafasi ya kuiruka. Sikuiruka.

Tulisimamisha gari mbele ya baraza. Mwanawe, mtoto wa kiume ambaye bado hajaanza skuli, alinikimbilia, "Mjomba, mjomba," akitaka kupanda garini. Mwenzangu wa maabara alikwisha kufungua sanduku.

"Yakhe, barafu inayeyuka hii. Mama yake yuko wapi?"

"Yumo eda."

"Sasa nani anaridhia?"

"Mimi. Hii nyumba ya baba yangu."

"Basi tia sahihi tuondoke."

Nikatia. Mtu wa Ole hangeshangaa. Mwanamke akiwa eda, kaka yake ndiye anayesema na mwenye duka, na wachumaji wa karafuu, na sheha wa kijiji. Nilikuwa nikimsemea katika kila jambo, na hili nikalifanya kama yale mengine. Lakini mlango wa chumba chake ulikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa, na katika wanaume wote waliokuwa pale barazani ni mimi peke yangu niliyekuwa na ruhusa ya kuufungua. Sikuufungua kwa sababu nilijua atakavyojibu.

Mtoto alilia. Sauti ikatoka ndani, "Nani anamliza mwanangu?"

"Hakuna kitu," nikajibu. "Anacheza tu."

Nilimpa biskuti, akanyamaza. Jioni mama yake aliuona mkono wake umebandikwa pamba. Hakuniletea maneno. Ijumaa iliyofuata sikwenda Ole. Nilisema nina kazi nyingi. Na iliyofuata pia.

Kabla eda haijaisha, kamati ya Unguja ilimtuma mkaguzi. Alikuwa mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani na maneno machache. Desturi yake ilikuwa kuchagua nyumba mwenyewe, kwenda kwa wazazi na kuwauliza kama kweli walisomewa na kama kweli waliridhia. Asubuhi alipozitaja nyumba za siku ile, ya tatu ilikuwa ya Ole. Sikuweza kutangulia kwenda kumwambia mdogo wangu lolote. Nilikaa mbele kwenye gari, nikihesabu moyoni nitakachowaambia wenzangu, watu wenye watoto kama mimi, kazi itakapofungwa kwa sababu yangu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, kwa hiyo eda haikumzuia. Aliniomba nikae mbali ili mama mtoto aseme kwa uhuru. Nikakaa barazani, chini ya dirisha la chumba kile, mahali ambapo sikutakiwa kukaa. Niliwasikia wakisalimiana, mkaguzi akimpa pole ya msiba. Kisha akamuuliza kama alisomewa karatasi kabla mwanawe hajatolewa damu.

Nilimsikia mdogo wangu akikohoa.

"Nilisomewa," alisema. "Kaka yangu alikuja hapo mlangoni, akanisomea yote, akaniuliza. Nikaridhia. Mkono wangu usingeweza kufika barazani, ndiyo akatia yeye sahihi."

"Aliyekulazimisha hakuna?"

"Hakuna, bi mkubwa."

Mkaguzi alipotoka aliniambia kwamba dada yangu ni mtu mwenye adabu, na kwamba katika karatasi zetu tuongeze maelezo kwa ajili ya wanawake waliomo eda. Nikasema tutaongeza. Nami nasema kweli, wakati ule sikuona haya. Nilichokiona ni faraja. Mchana tulikula Chake, wali na samaki wa kukaanga, na nilikula nikaongeza.

Ijumaa ile nilikwenda Ole na sukari, sabuni na kilo ya nyama. Alikuwa juu ya mkeka wake, tasbihi mkononi. Nikaanza kumshukuru. Alinyanyua mkono.

"Usinishukuru. Sikukufanyia wema. Niliogopa wanao walale na njaa."

"Nimekosa, mdogo wangu. Lakini mtoto mzima, hakuumia."

"Mie sikusema kaumia."

Akaendelea, na hakupandisha sauti. "Siku ya nikaha yangu ulikuja hapo mlangoni na mashahidi wawili. Nilikuwa najua na wewe ulikuwa unajua kwamba namtaka yule bwana. Ukaniuliza hivyohivyo. Ukaniuliza mara tatu, mpaka waliokuwemo chumbani wakacheka. Leo mwanangu analia nje, nauliza, unaniambia anacheza. Na mie nimekaa hapa namuombea mume wangu, akaja mgeni na salamu zake, nikamsemea uwongo."

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kitu. Ningemwambia kwamba Jumatatu nitakwenda kwa Bi Daktari na kusema kweli. Maneno yalikuwapo. Badala yake nilisema, "Sasa yamekwisha, tusiyachimbe." Akageuka ukutani na kuendelea na tasbihi yake. Nyama niliiacha jikoni. Baadaye nilisikia aliigawa kwa majirani.

Hatukugombana. Watu wa Ole wangeulizwa wangesema ndugu wale hawana neno. Alinijibu salamu, akanipa mkono wa Idi, akaja kuniuguzia mtoto wangu alipopata homa kali. Lakini sahani ya kufunikwa haikuwapo tena, na "ofisi imekuoa" haikusemwa tena. Nikifika alinitandikia mkeka kwenye baraza kama anavyotandikiwa mgeni, akaniletea maji, akarudi ndani. Safari zangu zikawa za mwezi kwa mwezi, kisha za msimu, kisha za msiba na harusi.

Kazini nilipanda. Ile karatasi ya wanawake waliomo eda niliiandika mimi, na Bi Daktari aliisifu mbele ya wageni. Nikawa ndiye ninayefundisha wafanyakazi wapya. Nilisimama ukumbini, nikawaambia kwamba ridhaa haitolewi na kaka, wala mume, wala sheha, na kwamba mtu aliyejifungia ndani bado ana kauli yake. Walikuwa wakiandika. Kila niliposema vile nilikisikia kile kilio cha mtoto, nami nikaendelea kusema, kwa kuwa yalikuwa ni kweli na wao walihitaji kuyajua. Lakini ukitaka kujua upweke ni nini, ni kusifiwa kwa jambo moja miaka na miaka, na mtu pekee anayejua yaliyo chini yake akawa hakai nawe.

Utafiti ule ulikwisha fedha zilipokwisha. Bi Daktari alirudi kwao na nasikia amefariki. Mke wangu amefariki. Wanangu mmoja yuko Maskati, mmoja Dar es Salaam, wananipigia simu Ijumaa na kuniuliza kama nimekula. Nakaa Madungu, katika nyumba za ghorofa zilizojengwa na serikali, chumba cha juu. Asubuhi nanunua mkate na nachukua muda mrefu dukani kuliko inavyohitajika. Mpwa wangu, yule mtoto, sasa ni mwalimu na ana watoto. Anaponiona ananiamkia vizuri. Siku moja nilimuuliza kama anakumbuka kutolewa damu. Alisema anakumbuka biskuti.

Mwaka huu nikataka kuyaandika haya. Nilikaa na kalamu, nikaona kwamba nusu ya niliyonayo si yangu. Nikapanda gari la Ole.

Alikuwa barazani akichambua karafuu, akizinyofoa kwenye vikonyo na kuziangusha upande mmoja. Amezeeka, mgongo umeinama kidogo, lakini vidole vyake vina kasi ileile. Nikamwambia nataka kuandika habari ya siku ile, na ya mkaguzi, na ya alivyosema. Nikamwambia watakaosoma ni watu tusiowajua, na kwamba akisema nisiandike, sitaandika.

"Utatia majina?"

"Sitatia jina la mtu."

Akachambua kidogo. "Ni mara ya kwanza hii."

"Ya nini?"

"Kuniuliza. Tangu nikaha."

Akaniangalia, na sikumbuki mara ya mwisho aliponitazama usoni namna ile.

"Andika," alisema. "Na uwongo wangu uandike, mie nishautubia kwa Mola wangu. Wako ndio hukuupeleka popote, kwa hiyo upeleke huko kwa hao wasomaji wako. Ila usije ukaandika kwamba nimekusamehe."

"Hujanisamehe?"

"Bado, kaka. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nakusemea uwongo tena."

Nikasema haya. Tulikaa, yeye na karafuu zake, mimi na mikono yangu mitupu. Mbele yetu watu walipita na baiskeli wakitoa salamu, na sote wawili tukawa tunaitikia. Baadaye nikamuuliza kama nimsaidie kuchambua.

"La," alisema. "Nakaribia kumaliza."

Pakacha la karafuu zisizochambuliwa, lililokuwa ubavuni mwake, lilikuwa bado limejaa.