Insha ya Njia ya Kasugho

Enzi zetu, sisi tuliosoma Butembo wakati wa vita, chaki ilikuwa muhogo. Ulikianika kipande juani, ukakikata saizi ya kidole, ukakipeleka shuleni, na wapo walioshikwa na njaa njiani wakatafuna chaki ya darasa zima. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata hukumwona anayekuja mbele yako. Ulisikia tu chukudu, ile baiskeli ya mbao tupu, likilia kwenye mteremko, limebeba viazi kwenda sokoni. Tulicheza nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, uani mpaka vumbi jekundu likatupanda magotini, kisha tukaingia darasani na sare zetu za buluu na nyeupe zikinuka jasho na moshi wa mikaratusi. Mchana, mwenye bahati alikuta maharagwe nyumbani. Asiye nayo alikula parachichi na chumvi, naye alishukuru.

Wanafunzi wangu wakisikia hayo wanacheka. Mimi sasa ni mwalimu wa Kifaransa, nafundisha watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne hapa hapa Butembo, mtaa wa Kimemi nilikokulia. Nikiwaambia waeleze asubuhi ya kwao, wanaiuliza simu, na jioni nakaa na insha arobaini zenye jua moja linalochomoza kwa maneno yale yale. Ukiwauliza maana ya neno "huzuni" wanakutafutia kasura kadogo kanakolia machozi. Wenzangu wanakasirika, wanawapa sifuri. Mimi siwezi, na sababu yake sijawahi kumweleza mtu.

Aliyetufundisha Kifaransa mwaka wa pili wa sekondari alikuwa Prof Ngoyi, maana kwetu kila mwalimu wa sekondari ni Prof. Alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, serikali ilimtuma kwetu kabla ya vita, na vita vilipokata njia, mshahara wake ukakatika pamoja na barua za nyumbani kwake. Wazazi walimlisha kwa zamu, leo viazi, kesho mkungu wa ndizi. Alikuwa mrefu, mkali, hajui neno la Kinande, lugha yetu, na Kiswahili chake alikiokota sokoni, tukimcheka kwa siri. Maneno ya msamiati alitupa matano kila siku, na sharti lilikuwa kulitumia kila neno nyumbani kabla ya kulala. Ndivyo nilivyomwambia mama yangu, akiwa anachagua mawe kwenye maharagwe, kwamba yeye ni "méticuleuse", yaani mwangalifu wa kila kitu kidogo. Aliacha ungo akaniuliza kama hilo ni tusi.

Katika kuchambua maandishi alikuwa na swali moja la kwanza, na hakukuruhusu kwenda la pili kabla ya kulijibu: nani anasema hapa? Hakuuliza nani ameandika. Anayesema "mimi" ndani ya hadithi, alituambia, ni msimulizi, na mwandishi anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, mzee akasema kama mtoto, mwoga akasema kama shujaa. Lakini kwenye insha zetu wenyewe, rédaction kama alivyoziita, hakutaka ushujaa wala maua. Alitaka mahali, saa, mtu na harufu. Insha isiyokuwa na hivyo vinne aliirudisha bila kuisoma mpaka mwisho, na aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba bado hujamfikisha pale.

Nilitamani sana kumfikisha. Darasani tulikuwa wawili tulioshindana, mimi na Masika, na muhula ule alikuwa amenipita mara mbili. Ndipo Prof akatupa kichwa cha habari: safari ambayo hutaisahau.

Sasa nieleze jinsi tulivyokuwa nyumbani. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Kaka yangu Paluku alikuwa na miaka kumi na saba, na kundi lenye silaha lililoshika mji wakati ule lilikuwa likiwakamata vijana kama yeye, likiwapa bunduki au mizigo, na wengi hawakurudi. Mama akamtorosha kwa mjomba wetu, ndani ya pori kupita Kasugho, alikojificha na vijana wengine watano. Mara moja mama alinichukua tuwapelekee chumvi na sabuni. Tulipanda gari la maharagwe, tukatembea siku nzima, na tuliporudi alinishika kidevu na kuniambia, "Ile fasi, jina yake isitoke mu kinywa yako."

Haikutoka kinywani. Niliiandika. Leo watu wazima mtashangaa, lakini nawaambia kweli tupu: haikunijia hata kidogo kwamba kusema na kuandika ni kitu kimoja. Kifaransa kwetu kilikuwa mambo ya shule, na mambo ya shule yaliishia kwenye daftari. Nani aliwahi kupata shida ya kweli kwa sababu ya Kifaransa, zaidi ya fimbo? Niliandika soko la Kasugho na njia inayoliacha upande wa kushoto. Niliandika kijito na gogo la kuvukia, lenye ganda lililobanduka. Niliandika kwamba walipika saa za ukungu tu, ili moshi usionekane, na kwamba kaka yangu alitoka kwenye migomba akiwa na ndevu na harufu ya mtu asiyeoga, nikamwogopa kabla ya kumkumbatia.

Prof Ngoyi alinipa kumi na nane kwa ishirini. Hakuwa amempa mtu yeyote kumi na nane. Chini aliandika kwamba safari hii amefika. Masika alikataa kuniangalia siku mbili, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa hilo kuliko kwa alama zenyewe.

Insha alizifungia ndani ya kabati la darasa. Juma lile lile wanajeshi wa kundi lile wakaja kulala shuleni, wakavunja kabati wapate kuni, na karatasi wakaanza kuzungushia tumbaku. Tulisikia baadaye kwamba mmoja wao aliwahi kusoma kabla hawajamchukua. Alikuwa akisoma insha zetu moja moja kabla ya kuzichana, na nyingi zilimchosha upesi. Yangu aliisoma mpaka mwisho kwa kuwa ilikuwa nzuri.

Asubuhi komanda wao aliingia darasani na ile karatasi mkononi, yule msomaji nyuma yake. Akauliza Kavira ni nani. Nilisimama. Akaniuliza kaka mwenye ndevu yuko wapi. Kabla sijafungua mdomo Prof Ngoyi alisogea akasimama kati yetu, akaomba karatasi, akasema hili ni somo la uchambuzi na darasa litamjibu. Alitugeukia kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Batoto, mu hii texte, nani njo anasema 'mimi'?"

Tulijibu pamoja, kwa mazoea, kwamba ni narrateur, msimulizi.

"Na Kavira?"

"Yeye ni auteur, mwandishi, Prof."

Komanda alipiga meza kwa kiganja. Hakuja kusoma, alisema. "Huyu mutoto iko na kaka, ao hapana iko naye?"

Darasa lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Wote walimjua Paluku. Alikuwa amesoma pale pale, madirisha mawili kutoka kwetu, na alikuwa mlinda lango wa shule. Kisha Masika aliinuka, hakuniangalia.

"Hapana iko na kaka," alisema. "Mu kila rédaction anajitungia kaka moja."

Mwingine akaunga mkono, mwingine akacheka, na kicheko kikaenea darasani, cha uongo lakini kikubwa. Komanda akanyoosha kidole kwenye wino mwekundu. Akauliza ni mwalimu gani anayetoa kumi na nane kwa bongo, yaani uongo. Prof Ngoyi, mtu aliyetupa sifuri tukidanganya hata rangi ya mbuzi, aliinamisha kichwa.

"Alinidanganya, Commandant. Mi ni mutu wa Kasai, pori ya huku sijue. Nikaamini."

Akatoa kalamu yake, akaikata ile kumi na nane, akaandika sifuri juu yake. Akachukua na kitabu cha alama akaandika sifuri humo pia, mbele yao. Akaniamuru nipige magoti mbele ya darasa. Komanda aliangalia, akacheka kidogo, akaikunja insha yangu akaitia mfukoni. Yule askari aliyesoma ndiye hakucheka.

Walipotoka, Prof alimtuma Masika kwetu eti akalete muhogo wa kuandikia, kumbe akamwonye mama. Mama alikuwa barabarani kabla ya mapumziko, akamwambia mjomba peke yake, na kesho yake vijana walihama ndani zaidi. Jioni ya siku ile ya komanda wazazi walimwendea Prof na mpango kamili: gari la kwenda Beni lilikuwa tayari, na kutoka Beni wangempitisha mbele. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimebeba viazi vyake, zamu ilikuwa yetu.

"Nikikimbia, batajua mutoto aliandika kweli," aliwaambia. "Batamurudilia yeye."

Alibaki. Alifundisha juma zima, maneno matano kila siku, na sisi tuliyatumia nyumbani kama kawaida. Ijumaa alinibakisha darasani. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa nikitaka anigombeze. Alisema polepole, akitafuta Kiswahili chake: "Ile rédaction ilikuwa ya kweli, na ilikuwa muzuri. Usiandike mubaya sababu ya woga."

Kasugho wanajeshi walikwenda. Walilikuta gogo na ganda lake lililobanduka, wakakuta kibanda, majivu, na hakuna mtu, wakajua mwalimu ndiye aliyewachelewesha. Jumatatu walimchukua Prof Ngoyi katikati ya somo. Aliomba amalize sentensi ubaoni, wakamruhusu, akapangusa unga wa muhogo mikononi akatoka nao. Hatukumwona tena. Wazazi waliuliza, mapadri waliuliza, na kila mlango uliwaelekeza mlango mwingine. Sifuri yangu ilibaki kwenye kitabu cha alama, ikaingia kwenye ripoti ya muhula. Mama hakujua kusoma, lakini aliitafuta kwa kidole mpaka akaipata, akaifunika kwa kiganja, akalia.

Alinikataza kumwambia Paluku. Wakati ule alikuwa na haki: kaka angetoka porini akajitoe mwenyewe ili mwalimu aachiwe. Vita vilipogeuka Paluku alirudi, akaoa, akashuka Beni kwenye joto na biashara ya kakao. Mama akafariki bila kusema. Tangu hapo hakuna anayenizuia zaidi ya aibu yangu. Kila sikukuu Paluku anawasimulia watoto wake jinsi mjomba alivyohisi hatari akawahamisha, bahati ya ajabu. Akiulizwa habari za yule mwalimu wa zamani anatikisa kichwa: "Ule mugeni, sijue alijiingiza mu nini." Mimi namwongezea chai.

Kwa hiyo sifuri siwezi kuzitoa. Watoto wangu wananiletea insha zisizo na mahali wala mtu, na nikisikia habari za njia za mashambani huko Beni, ambako watu wanauawa hata sasa, kuna jioni nayasoma yale majua yao ya simu na moyo unatulia, kwa kuwa hakuna anayeweza kumfuata mtu kupitia humo. Halafu najiona vibaya, kwa kuwa hayo siyo niliyofundishwa. Enzi zetu daftari moja lilipita mikono kumi, na tuliandika kama tunaowapeleka watu pale. Siku hizi karatasi ni nyingi na hakuna anayekwenda popote. Lakini nao wana kitu ambacho sisi hatukukipata: jambo likiwachoma wanaliandikiana kabla chai haijapoa, na sisi tuliofundishwa kunyamaza ili watu waishi, watu wameishi, na bado tumenyamaza.

Paluku, karatasi hii nakuletea Beni mimi mwenyewe, na utaisoma nikiwa nimekaa mbele yako. Mjomba hakuhisi kitu. Mimi niliandika njia mpaka mlangoni kwenu kwa sababu nilitaka kumshinda Masika, na Prof Ngoyi alikwenda badala yako.