Ulimi wa Tanimu

Kule Tsaunawa, mwendo kidogo kutoka Kano, hakuna aliyepuliza dawa ya magugu kabla ulimi wa Tanimu haujaigusa. Lebo? Nani aamini lebo, na zenyewe zinachapishwa vichochoroni! Chupa tupu hujazwa chochote, ikafungwa upya, ikang'aa kuliko mpya. Basi Tanimu huchovya ncha ya kidole, hulamba, hutema, ndipo husema. Iliyouma mbele ya ulimi ni ile ya kuchagua, inayoua nyasi na kuziacha kunde. Iliyo chungu nyuma kooni ni ya kuunguza kila kijani, ya kusafishia shamba kabla ya kupanda. Isiyo na ladha ni maji. Hakuwahi kukosea, na sifa zikamlevya.

Lakini sumu ni sumu, hata ukiilamba kwa adabu. Tangu mvua za mwaka jana ulimi ulianza kufa ganzi asubuhi, akasema ni baridi. Kisha pilipili ikapoteza makali, akamgombeza mkewe kwamba hajui tena kupika. Siku alipolamba dawa akaona ni kama analamba ukucha wake mwenyewe, aliogopa, aliogopa sana, ila hakumwambia mtu. Angesema nini? Kijiji kizima kilimheshimu kwa ulimi. Akiukana, anabaki na bomba la mgongoni analopulizia mashamba ya watu, na kikohozi. Akawa anakisia kwa harufu, kwa rangi, kwa macho ya muuzaji. Akabahatisha, ikawa. Akabahatisha tena.

Mwaka huu mvua haikutoa nafasi. Watu walishindwa kupalilia kwa tope, na nyasi zikazipanda kunde mabegani zingali changa. Kunde ikizidiwa utotoni haiinuki tena, hata ukija baadaye na majembe ya ukoo mzima. Hansatu, mjane wa kaka yake Tanimu, alikuwa na shamba hilo moja tu. Kunde zake ndizo bajia alizokaanga kila alfajiri na kuuza, na mashina yake makavu ndiyo chakula cha kondoo wake kiangazi chote. Zikifa kunde, hana pa kushika. Akanunua chupa, akamletea shemeji yake.

Kwa desturi yao mke wa kaka na mdogo wa mume ni watani, na utani wao haukuzikwa na marehemu.

"Mume wangu mdogo," Hansatu akamwambia, "lamba vizuri. Ukiniunguzia kunde nahamia kwako, na mkeo atanipisha kitanda."

"Banda la mbuzi lipo wazi," akajibu Tanimu.

Akalamba. Hakusikia kitu. Akalamba mara ya pili, si kawaida yake, na bado hakusikia kitu. Hansatu alikuwa anamtazama mdomoni. Nyuma yake wanaume walisimama na chupa zao, zote za duka lile lile, katoni ile ile, wakingoja neno lake. Angeweza kusema sijui. Neno dogo, hata mtoto analiweza. Tanimu akatema mate.

"Ya kuchagua," akasema.

Akapuliza shamba la Hansatu siku ile ile. Siku zilizofuata akapuliza ya wengine, toka shamba hili kwenda lile, hakupumzika, maana akikaa tu moyo unamdunda.

Kisha Hansatu akamwita shambani. Nyasi zilikuwa zimelala, ndiyo. Na kunde nazo zilikuwa zinageuka manjano katikati, majani mapya yamejikunja, hayafunguki. Tanimu alisema ni jua baada ya mvua nyingi. Akasema ni ardhi. Akasema kuna mtu amelitia jicho shamba. Hansatu hakubishana, hakutania hata kidogo. Alisema tu apite kwake jioni, ale.

Alimwandalia ugali wa mtama na mchuzi wa majani ya mbuyu. Akaketi mbele yake, mikono magotini, akamtazama anavyomega, anavyochovya, anavyomeza. Tanimu alikula kwa haraka, akaufuta mchuzi wote kwa tonge la mwisho, akashukuru, akasema wewe bado unajua kupika, shemeji, si kama huyu wangu.

"Tanimu." Hansatu hakuwahi kumwita kwa jina. "Huo mchuzi nimeutia chumvi ngumi nzima. Nilimpa kondoo tone, akageuza uso."

Tanimu akalitazama bakuli.

"Tangu lini?" Hansatu akauliza.

"Mwaka jana," akasema Tanimu, taratibu.

Hansatu hakupiga kelele. Kelele ingekuwa nafuu. Wala hakusema habari ya shamba lake.

"Umepuliza mashamba ya nani mengine?"

Tanimu akaanza kuwataja. Akamtaja Magaji, jirani. Akawataja watoto wa marehemu Sabitu, wote na vishamba vyao. Akamtaja imamu. Hansatu alikuwa anaitikia kila jina kwa kichwa, kama mtu anayepokea habari za msiba, na Tanimu akaendelea, sauti ikizidi kushuka, hadi katika yale aliyopuliza yakabaki mawili tu ya kutaja: la baba mkwe wake, na lake mwenyewe.