Meza ya Sambaza na Kodi ya Place

Usingizi wa sokoni ni mutamu kushinda wa kitandani. Mimi najua, maana nimelala sana sokoni: kwanza Lubumbashi, mgongoni mwa mama yangu, halafu huku Berchem, ndani ya Bruxelles, juu ya sanduku la plastiki, kando ya meza ya maman mumoja wa Bukavu anayeuzisha sambaza. Sambaza ni samaki wadogo wa ziwa Kivu, wakavu, wa chumvi, kila mumoja mudogo kama kidole cha mutoto. Harufu yao ikiingia ndani ya koti haitoki tena. Binti yangu anasema mimi naletaka ziwa lote ndani ya tram.

Tangu bibi yangu, mama ya binti yangu, alipokufa, kila Jumamosi natoka nyumbani Laeken naenda kukaa pale. Sinunui sana. Nakaa. Mvua ya Bruxelles haianguki, inasimama tu hewani, inagusa bâche, lile turubai la juu ya meza, polepole, watu wanapita na miavuli yao, na macho yanajifunga. Halafu sijui tena niko wapi. Nasikia Kifaransa, nasikia Kiflamand, nasikia Kiswahili, nasikia kuku. Kuku hawako Berchem, wale ni wa Lubumbashi. Na ule mulima mweusi wa kwetu, wa mabaki ya shaba, unakuja unasimama nyuma ya kanisa, kimya, sawa vile umekuwa pale siku zote. Sishangai. Katika usingizi wa sokoni muntu hashangai kitu.

Maman ananipiga na kifuniko cha ndoo.

"Papa, unakoroma. Unafukuza bateja bangu."

"Bateja banakimbia bei yako."

"Bei yangu? Weye Mukatanga, ulikula samaki gani kwenu? Munakulaka bukari na vumbi ya shaba."

Bukari ni ugali wetu. Ndivyo tunavyosalimiana, sisi wawili. Siku asiponitukana, najua ni mugonjwa.

Nitasema ukweli, kwa umri wangu haya imekwisha. Ile place, uwanja wa soko, ilikuwa na shida nyingi: mawe yamevunjika, maji yanalala ndani ya mashimo, banc ya kukalia hakuna hata moja. Lakini shida kubwa ilikuwa yangu: choo hakuna. Kibofu cha muzee ni sawa mutoto mudogo, kikitaka kinalia. Kulikuwa na café kwenye kona, lakini pale lazima unywe kwanza ndipo wakupe ufunguo, na ukinywa, unarudi kuomba ufunguo tena. Bibi yangu alikuwa anacheka sana kibofu changu, yeye aliweza kutoka Lubumbashi mpaka Likasi bila kushuka garini. Bon. Basi ikifika saa ya chakula mimi naenda nyumbani, ndoto imekatika katikati. Na wamama wa sokoni, hao walikuwa wanashinda bila kunywa hata maji, sababu ni ile ile.

Alors, siku moja bwana wa commune, ile serikali ya mtaa, akapita meza kwa meza, na koti la mvua la njano. Akaeleza: kuna wazo la kodi. Kwa kila kitu kitakachouzishwa pale sokoni, sehemu ndogo itaingia katika kazi ya kutengeneza place. Mawe mapya, taa, bancs, choo. Kabla ya kukata shauri kutakuwa mkutano, kila muntu atasema yake.

Mimi nikakiona kile choo papo hapo. Mlango wa bleu. Nikakaa nakitazama ndani ya mvua. Kisha nikamuangalia maman, na alikuwa anahesabu kopo zake na kidole.

"Papa," akasema, "mimi napima kopo, halafu natia matabishi juu. Ni matabishi inarudishaka bantu hapa. Bakikata kwa kila kopo, mimi nitakata matabishi. Na bila matabishi, bantu bataenda soko ya Midi, kule meza ni mingi. Donc mimi nitafunga."

Matabishi, kwa asiyejua, ni ile kidogo muuzaji anaongeza bure baada ya kupima. Kwetu, bila matabishi haujanunua, umelipa tu.

Akifunga, Jumamosi yangu nitaipeleka wapi? Nyumbani kuna kiti kizuri, binti yangu alikinunua, kinapanda na kushuka na umeme. Lakini pale usingizi hauleti kuku. Basi nilitaka choo, na nilitaka meza ya maman, na kimoja kilikuwa kinakula kingine.

Tukapatana mimi nitasema kwa mkutano. "Weye uko na mdomo," akasema. "Mimi Kifaransa yangu inaogopa micro ya kusemea." Maneno yetu yalikuwa mafupi: tunataka choo, tutalipa, lakini musikate kwa kila kopo, pimeni meza. Mwenye meza ndefu alipe mingi, mwenye fupi alipe kidogo. Nilijizoeza ndani ya tram mpaka bwana mumoja akahama kiti.

Mkutano ulikuwa ndani ya salle, ukumbi wa masomo, na picha za watoto ukutani, nyumba zote zina moshi. Mbele alikaa madame wa commune, yule anayeangalia masoko. Kila muntu alipewa dakika mbili. Mimi nilivaa costume, suti ile ya siku ya ndoa ya binti yangu, kofia chini ya kwapa.

Sasa, kwetu muntu haingii ndani ya neno sawa mwizi dirishani. Unaanza na kusalimia. Nikamsalimia madame, na mabwana wa kulia na wa kushoto. Nikasalimia wamama, Wamarocain wa mboga, Waflamand wa jibini. Nikashukuru kwa viti. Nikamuuliza madame kama aliamka vizuri, na mama yake, angali muzima?

Akashtuka kidogo. "Mama yangu? Yuko hospitali, monsieur."

Nikasema pole. Nikauliza anaumwa nini. Ni mguu. Nikamwambia bibi yangu pia aliumwaga mguu, tulikuwa tunamkanda na maji ya moto na chumvi, usiku anaimba badala ya kulia. Nikasikia kengele.

"Merci, monsieur," wakasema, na micro ikaondoka mkononi mwangu.

Kutoka nyuma maman akalia: "Papa! Na meza?"

Salle yote ikacheka. Mimi nilisimama na kofia yangu, neno lingali ndani.

Mpaka kituo cha tram maman alitembea mbele yangu. Halafu akageuka: "Ulisalimia mpaka paka ya concierge wa mlangoni."

"Haikukuwa paka. Ilikuwa mfuko."

"Hata mfuko ulisalimia!"

Jumamosi iliyofuata nilikaa juu ya sanduku macho wazi. Kuku hawakukuja, wala mulima. Maman alikuwa anapima kopo zake bila kunitukana. Ndipo akaja mwanamuke na kikapu, nywele zimelowa, na sikumjua mara moja bila meza mbele yake. Ni madame.

"Monsieur, mama yangu ametoka hospitali. Anakusalimia. Siku ile ulitaka kusema nini?"

"Sema sasa," maman akaninong'oneza, "na usiulize habari ya nkambo yake, ya mama ya mama yake."

Nikasema. Kumbe yalikuwa maneno machache sana. Madame akasikiliza, huku anatazama meza kutoka ncha moja mpaka ingine. Halafu akaomba kopo moja. Maman akapima, akasawazisha na kidole, akatia matabishi juu, kisha konzi ingine tena, "ya mama yako". Madame akatoa pochi alipe ile ya juu. Maman akaifunika na kiganja.

"Ile hatuuzishake."

"Basi ile nitaikataje kodi?" madame akauliza.

"Ndiyo papa alitaka kusema siku ile, akapotelea kwa mguu."

Sisemi ni sisi tulibadilisha. Wengine walisema pia, bwana wa jibini alikuja na makaratasi mengi. Lakini kodi ilipokubaliwa, watu wa commune walipita wakipima meza na mètre. Na maman, ana akili kushinda sisi wote, alikuwa amekwisha kukata yake. Aliondoa ubao mumoja na miguu yake. Ule ubao ulikuwa wa upande wa sanduku langu, na sanduku likakosa nafasi.

"Pardon, papa," akasema. "Upande wako ulikuwa hauuzishi kitu. Unakoroma tu."

Sasa choo kiko, mlango wake ni wa kijivu, si wa bleu. Bancs ziko. Yangu iko ng'ambo ya mawe mapya, na naweza kukaa mpaka wakunje bâche. Ila ni mbali. Matusi yetu tunapigiana kelele, na nusu inaliwa na tram. Kuna saa naamka, sijui ni soko gani, na muntu nisiyemjua amesimama mbele yangu na karatasi iliyosokotwa.

"Yule maman pale anasema ni matabishi yako."

Nakula sambaza mumoja mumoja, polepole, mulima unangoja nyuma ya kanisa. Halafu naenda chooni, narudi, nalala tena.