Kompresa Iliyomtazama Mgeni Rasmi

Anselmi alikuwa na kipaji kimoja tu ambacho hakuna bosi aliyewahi kukilalamikia, nacho ni kupiga makofi. Kama makofi yangekuwa na mshahara, mtu yule angekuwa na ghorofa pale Morogoro mjini. Alitoka Songea akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha umma. Si kile kikubwa cha silaha cha Mzinga. Hiki kilikuwa kidogo, na kilishona magunia siku ambazo umeme ulikubali. Kazi yake ilikuwa kuhudumia kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo wa kuendeshea vifaa vingine, na tuwe wakweli, aliijua barabara. Lakini kilichompandisha cheo hakikuwa ufundi. Meneja akitangaza kwamba uzalishaji umeongezeka, huku ghala limejaa panya watupu, Anselmi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Akija meneja mwingine kutangaza kwamba yule aliyepita alikuwa mwongo, Anselmi alikuwa wa kwanza vilevile.

Mkewe, Josephina, mzaliwa wa Kinole kule milimani, alikuwa akimtazama na kuguna.

"Mume wangu," alimwambia siku moja huku akimenya chungwa, "siku ya mazishi yako nitawakataza wasisome risala. Utaamka ndani ya sanduku upige makofi."

Basi ikaja enzi ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa mitumba bila kujificha na, kumbe, ruksa kufukuzwa kazi pia, ila hiyo ya mwisho haikutangazwa redioni. Kiwanda kikapata mwekezaji. Akaja na suti yake, akawakusanya wafanyakazi uwanjani, akawaeleza kwamba sasa kiwanda kitakuwa cha kisasa, na mambo ya kisasa hayahitaji watu wengi. Anselmi akapiga makofi. Wenzake wakageuka kumtazama. Alipotanabahi kwamba hao watu wengi ni pamoja na yeye, viganja vyake vilikuwa bado vina joto.

Hela ya kuwaaga wafanyakazi haikuwapo, kwa hiyo waliagwa kwa vitu. Wenzake walipewa magunia yaliyokosa mnunuzi. Anselmi, kwa utumishi wake uliotukuka, akapewa kompresa ileile aliyoihudumia: ya kuvutwa, magurudumu mawili, injini ya dizeli inayopozwa kwa maji kama ya lori, geji ya joto iliyokufa zamani, na rangi iliyobabuka kila mahali. Aliondoka nayo getini akiwashukuru.

Nyumba ya kiwanda nayo ikachukuliwa, wakapanda milimani kwa kina Josephina. Hapo ndipo Anselmi alipojifunza uzito wa neno mjomba. Kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mume aliyetoka Songea, hata akizeekea pale, ni mgeni aliyekaribishwa kula. Mjomba wa Josephina alikuwa Mzee Agustino, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya barabara, ya kanisa, na ya kila kitu kilichokuwa na meza na kitambaa. Aliwapa kipande cha shamba walime ndizi, akamtazama Anselmi juu mpaka chini na kusema kwamba ukoo hauna shida na mtu msikivu.

Usikivu! Hapo mzee alikuwa amepata mtu wake.

Sasa juu ya Kinole palikuwa na jiwe. Jiwe lenyewe lilikaa katikati ya njia, na kwa sababu yake machungwa, ndizi na iliki vilishuka vichwani mwa kina mama badala ya kushuka kwa gari. Kamati ikapata wafadhili wa kulipasua. Mashine ya kutoboa jiwe ilipatikana kwa kuazima; upepo wa kuiendesha ungetoka kwenye kompresa ya Anselmi. Ikifanya kazi vizuri, kazi ya barabara nzima ingekuwa yake, jiwe moja baada ya lingine. Injini ikinoki, ikafa kwa joto, basi. Hakuwa na kiwanda, hakuwa na shamba lake mwenyewe, na hakuna duka lililokuwa linauza injini kwa makofi.

Kompresa ikapanda mlima, kwanza kwa lori, kisha kwa kamba na mabega ya wanakijiji. Karibu na kufika, mpira wa rejeta, lile tangi la mbele la kupozea maji ya injini, ukapasuka na maji yote yakamwagika njiani. Anselmi akateremka mjini kutafuta mpira mwingine.

Mtu asiyejua mashine hudhani kutia maji kwenye rejeta ni kama kujaza mtungi. Sivyo. Mfumo ukishakauka, upepo hujificha kwenye kona za juu za injini, na maji hayapiti palipo na upepo. Inabidi uinue upande wa rejeta, ufungue kiskrubu kidogo kilicho juu ya injini, umimine maji taratibu mpaka kiskrubu kiteme maji yasiyo na mapovu, ndipo ukikaze. Kisha unawasha injini kwa mlio wa chini, kifuniko kikiwa wazi, unaminyaminya mpira na kuongeza maji kila yanaposhuka. Mafundi wanaita kutoa upepo. Usipofanya hivyo, maji yatastarehe upande mmoja yakiwa baridi, na injini itajichoma upande wa pili. Anselmi aliifanya kazi hiyo miaka yote, na angeweza kuifanya huku amefumba macho.

Aliporudi na mpira wake, ilikuwa jioni ya kuamkia uzinduzi. Alimkuta Mzee Agustino amesimama mbele ya mashine, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mkwe. Umeona tulivyokupambia?"

Walikuwa wameipaka rangi. Njano, rangi ya mafuta, bila kubagua: magurudumu njano, bomba la moshi njano, ile geji marehemu njano. Kile kiskrubu cha kutolea upepo kilikuwa kimezikwa humo humo, hata mahali pake pasionekane.

"Imependeza sana, Mjomba," alisema Anselmi. "Ila hapa juu nitapakwangua kidogo nitoe upepo, halafu niiwashe niisikilize."

"Uikwangue? Rangi ya kamati?" Mzee alimtazama kama mtu aliyeomba kuchinja ng'ombe wa kanisa. "Na uiwashe ya nini? Mgeni rasmi anakuja kuzindua kitu gani, kama mashine imeshaunguruma usiku kucha? Haiwashwi mpaka aiwashe yeye."

"Sawa, Mjomba."

"Halafu igeuzwe. Meza kuu iko kule chini uwanjani. Itazame kule."

Anselmi akaufuata mteremko kwa macho. Rejeta ndiyo iliyokuwa mbele, na kule chini kulikuwa chini kwelikweli. "Itakuwa pua chini, Mjomba. Upepo wote utabaki kwenye injini."

"Kwa hiyo unataka impe mgeni rasmi makalio?"

"Hapana, Mjomba. Sawa."

Ikageuzwa. Akafunga mpira, akamimina maji, na mashine ikanywa kidogo tu ikafurika. Ndoo nzima ilibaki imejaa pembeni, ndoo ambayo ilipaswa kuwa ndani ya tumbo la injini. Anselmi aliitazama ile ndoo akaingiwa na woga wa kweli.

"Umemwambia?" Josephina aliuliza wakati wa kula.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Nimesema sawa."

Josephina alisukuma bakuli la mboga upande wa mumewe akageukia ukutani.

Mgeni rasmi alitangazwa kufika asubuhi na mapema, kwa hiyo alifika baada ya adhuhuri. Kwaya ikaimba, ngoma ikachezwa, risala ikasomwa, mbuzi akatolewa akiwa hai na kupigwa picha. Mgeni akakata utepe, akaonyeshwa kitufe, akabonyeza. Injini ikaguna, ikakohoa, ikanguruma. Watu wakashangilia. Anselmi naye akapiga makofi, akijisemea kwamba sasa watazima, waongee yao, na yeye apate nafasi ya kufanya lake.

Aliposogea kuizima, mgeni rasmi akamzuia kwa kidole.

"Iacheni!" alipiga kelele kushindana na mlio. "Hiyo ndiyo sauti ya maendeleo! Nitahutubia nayo!"

Akahutubia nayo. Alianza na historia ya taifa tangu uhuru, akapita kwenye soko huria, akaeleza kwamba siku hizi kila mwananchi anaweza kuwa tajiri akitaka, na wasiokuwa matajiri wajiulize. Wananchi, ambao jana yake walikuwa wameshusha mizigo ya ndizi kwa vichwa, walijiuliza. Kila alipovuta pumzi, Mzee Agustino aliinua mkono na makofi yakalipuka.

Anselmi alikuwa ameweka kiganja juu ya rejeta. Ilikuwa baridi. Injini inanguruma muda wote huo na rejeta ni baridi kama jiwe la mtoni. Maana yake hakuna tone lililokuwa linazunguka. Akasogeza kiganja kwenye injini, akakiondoa haraka. Kisha akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani: ile rangi ya kamati, pale juu ya silinda, ilikuwa inavimba malengelenge. Lengelenge moja likapasuka. Harufu ya rangi inayoungua ikamfikia puani, na bado hotuba ilikuwa kwenye soko huria.

Akamtazama Mzee Agustino. Mzee akamrudishia jicho lililosema simama hapo hapo. Watu wakapiga makofi, na mikono ya Anselmi ikaanza kuinuka yenyewe, kwa mazoea. Akaikumbuka siku ya mwekezaji. Akakumbuka joto la viganja vyake, na jinsi wenzake walivyomtazama, na akaona aibu ambayo hakuwa ameiona siku ile. Aliogopa kupoteza shamba, alimwogopa mjomba, alimwogopa hata yule mbuzi.

"Nawauliza, ndugu wananchi!" mgeni rasmi alikuwa akipaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani! Nani anayeweza kuyazima maendeleo haya?"

Anselmi akavuta kishikio cha kuzimia. Injini ikazima.

Kimya kilichofuata kilishuka mpaka bondeni. Mgeni rasmi alibaki mdomo wazi, kwa sababu neno lake la mwisho alikuwa amelipigia kelele za kushinda dizeli na sasa lilikuwa linamrudia kutoka mlima wa pili. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

"Anselmi!" Mzee Agustino alikuwa amesimama. "Washa mashine!"

"Hapana, Mjomba."

"Unasemaje?"

"Hapana. Siwashi. Ina upepo, inaungua." Hakuondoa mkono kwenye kishikio. "Mpaka ipoe ndipo niifungue. Nikiifungua sasa au nikiitia maji ya baridi, silinda itapasuka. Tutasubiri."

Kusubiri! Mgeni rasmi, ambaye wananchi walikuwa wamemsubiri tangu alfajiri, akatazama saa yake na kukumbuka kikao mjini. Akaondoka na msafara wake na yule mbuzi. Hotuba haikumaliziwa, na mpaka leo watu wa kule hawajui soko huria linaishia wapi. Mzee Agustino akamsindikiza akiinama kila hatua, kisha akarudi kwa Anselmi, midomo imekauka kwa hasira.

"Umeuvua ukoo nguo," alisema. "Lile shamba, tutakaa tulizungumze."

Akaenda zake, na watu wa meza kuu wakamfuata. Uwanja ukabaki na viti, vumbi, na wanaume wachache waliokuwa na udadisi. Injini ilipopoa, Anselmi aliwaomba wamsaidie kuigeuza. Pua ikaenda juu, makalio yakaelekea meza kuu iliyo tupu. Akachukua kisu akaikwangua rangi mpaka kiskrubu kikatoka kaburini, akakilegeza kwa spana. Kikatoa mlio mrefu wa kupumua. Akamimina maji taratibu, kikatema mapovu, kikatema kutu, kikatema mapovu tena, halafu maji yakaja safi, uzi mmoja usiokatika. Akakikaza. Akawasha kwa mlio wa chini, akaminya mpira, maji yakashuka, akaongeza, yakashuka, akaongeza. Ile ndoo iliyobaki jana ikaisha yote.

Silinda haikuwa imepasuka. Anselmi alisikiliza mara ya pili ili awe na hakika, na alipokuwa na hakika machozi yakamtoka, hakujali nani anaona.

Josephina alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, ameegemea kabisa, miguu ameinyoosha.

"Mjomba amesema atalizungumza shamba," Anselmi alimwambia.

"Na azungumze. Lile shamba ni la mama yangu. Lilikuwapo kabla ya mdomo wake, na mimi ndiye nitakayekaa kwenye hicho kikao, si wewe." Akaketi wima. "Anselmi, nimebadili mawazo. Siku ukifa, wasome tu hiyo risala."

Kisha akapiga makofi. Peke yake, taratibu, katika uwanja mtupu. Mikono ya Anselmi, kwa mazoea, ikataka kuitikia, lakini mmoja ulikuwa umeshika spana, na mwingine ulikuwa juu ya rejeta, ukianza kupata joto.